Neno la Kufungulia Kikao

Kila Ijumaa saa kumi jioni, jua la Mpanda linapoanza kupunguza ukali, sisi wanawake 25 wa kikoba chetu hukutana chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Sanduku la chuma huwekwa katikati, juu ya mkeka. Lina kufuli tatu, na funguo zake hutunzwa na wanachama watatu wa mitaa tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mwenyekiti huomba, kila mmoja huitikia namba yake, kisha mimi niliye katibu husimama na kutoa neno la kufungulia kikao.

Kazi hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na daftari lenye jalada gumu, na humo niliandika kila neno zuri lililopita mbele yangu: methali za bibi yangu, majina ya kanga, maneno ya viongozi, mafundisho niliyoyasikia kanisani. Ijumaa asubuhi, kabla sijawasha jiko, nililifungua daftari na kuchagua neno la siku. Wenzangu walinisifu. Wengine walisema wanawahi kikao ili neno lisiwapite.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, neno moja kati ya hayo lilimwumiza mwenzangu, nami sikujua mpaka majuma manne yalipopita. Ninawasimulia habari hizi kwa sababu najua wengi wenu nanyi huombwa kutoa neno: ofisini, shuleni mnakofundisha, kwenye kikoba, kwenye umoja wa akina mama, hata kwenye vikao vya harusi.

Tumelelewa na maneno mafupi

Sisi Watanzania tumelelewa na maneno mafupi. Wazazi wetu walifanya kazi chini ya mwito wa "Uhuru na Kazi". Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa maneno "Inawezekana, timiza wajibu wako", na mpaka leo utayakuta yamebandikwa ukutani katika ofisi. Mwaka 2015 tuliambiwa "Hapa Kazi Tu", na mwaka 2021 ikawa "Kazi Iendelee". Hapa kwetu Katavi hatujasahau kwamba Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hadi 2015, alijiita mtoto wa mkulima. Mimi niliyezaliwa na mkulima, nilipoyasikia maneno hayo matatu redioni nilijiona kama nami nimetajwa.

Neno fupi lina nguvu kwa sababu linabebeka. Mtu aliyechoka hawezi kuibeba hotuba ya nusu saa, lakini methali ya maneno manne ataondoka nayo hadi nyumbani, na kesho yake ataikumbuka akiwa anachota maji.

Tunaye mwenzetu anayeuza dagaa wanaotoka Karema, ziwani Tanganyika. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akinunua hisa moja tu kila juma, na aliona aibu kuitaja mbele ya wenye hisa tano. Ijumaa moja nilifungulia kikao kwa "Haba na haba hujaza kibaba", nikaeleza kwamba kitabu chetu hakimdharau mwenye hisa moja. Alinyanyua uso. Siku ya mgao, mwisho wa mwaka, alinunua bati za chumba kimoja. Mpaka leo akiniona hunisalimu kwa methali ile.

Mpango huu wa kuweka na kukopeshana haukuanzia kwetu. Ulianza nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika, na ulipofika Tanzania wanawake waliupokea kwa mikono miwili. Sanduku na vitabu vya hesabu tulifundishwa. Nyimbo, salamu na misemo tuliongeza wenyewe. Basi sisemi tuache kutumia maneno ya kutia moyo. La hasha. Nasema tujue tunamwambia nani.

Tangazo la ukutani

Siku za kazi mimi ni karani katika ghala la mazao. Mwaka mmoja, wakati wa msimu wa mahindi, bosi wetu alibandika tangazo mlangoni: "Inawezekana, timiza wajibu wako." Kila Jumatatu asubuhi alituita wote, makarani na wapakizi, akalisoma kwa sauti na kutuhimiza.

Maneno yenyewe hayana kosa hata kidogo. Lakini malipo ya wapakizi yalikuwa yamechelewa, nasi tulikuwa katika juma la tatu. Jumatatu moja kijana mmoja, gunia likiwa bado begani, alisema kwa sauti, "Bosi, sisi wajibu wetu tumeutimiza. Wako je?" Watu walicheka. Bosi hakucheka. Kesho yake tangazo lilikutwa limechanwa katikati, na hakuna aliyesema ni nani aliyelichana.

Jioni ile nilimsimulia baba watoto, tukacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Nilisema, "Mtu anawezaje kuwapa watu maneno badala ya haki yao?" Sikujua kwamba swali hilo lilikuwa linanisubiri mimi.

Neno lililomfunga mdomo

Katika kikoba chetu mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na wenzake wanne walio katika kikundi chake cha watu watano humdhamini. Mwezi Mei mmoja wetu, mwanamke mtaratibu anayeshona nguo, alikopa akanunua mpunga kutoka Majimoto. Ulikuwa wakati wa mavuno na bei ilikuwa chini. Alikusudia kuuhifadhi mpaka Januari, mpunga unapokuwa adimu. Ni biashara ambayo wengi wetu tunaifanya. Marejesho ya kila mwezi angeyalipa kwa fedha za cherehani.

Mwezi Juni akakosa rejesho. Julai akakosa tena.

Minong'ono ikaanza. Mweka hazina akaniambia, "Katibu, wewe ndiwe mwenye maneno. Tafuta neno la kumwamsha mtu." Nami nilifurahi kuombwa. Niliona ni busara kuliko kumtaja mtu jina. Ijumaa ile nilisimama nikasema, "Neno letu la leo ni hili: kukopa harusi, kulipa matanga." Lile neno la mwisho nililivuta kidogo, ili liingie.

Kikao kizima kiliangua kicheko. Hakuna aliyemtazama, lakini kila mmoja alijua. Yeye aliinamisha kichwa, akafungua ncha ya kanga yake, akalipa faini ya kuchelewesha, akanyamaza. Tulipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye jambo. Nilimwona mwenzetu akiinua mkono nusu, kisha akaushusha. Niliandika katika kumbukumbu: "Hakukuwa na mengineyo."

Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Habari kamili niliipata sokoni Buzogwe, kutoka kwa jirani yake. Mume wake alikuwa amegongwa na pikipiki mwishoni mwa Mei. Mguu ulivunjika, kidonda kikakataa kupona, na fedha zote za cherehani zikaishia kwenye dawa. Siku ile ya kikao alikuja kuomba msaada wa mfuko wa jamii, ule tunaouchangia kila juma kwa ajili ya ugonjwa na msiba, ili ampeleke mumewe Mwanza. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Alikuwa anasubiri mengineyo. Nami nikamtangulia na matanga, mume wake akiwa kitandani na haijulikani kama atapona.

Aliporudi nyumbani aliuza magunia yake yote ya mpunga kwa bei ya Julai. Fedha hazikutosha, akauza na cherehani. Siku tisa zilipita ndipo wakasafiri.

Niliondoka sokoni bila kununua kitu. Usiku nilimweleza baba watoto yote. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, na yule bosi wako wa ghala mna tofauti gani?" Nilikasirika, nikamgeuzia mgongo. Lakini sikupata usingizi, maana jibu sikuwa nalo. Yeye alitoa maneno huku akiwa na fedha za watu. Mimi nilitoa maneno huku sanduku lenye mfuko wa jamii likiwa miguuni pangu.

Kuomba radhi

Waliporudi kutoka Mwanza nilimwomba mwenyekiti tufuatane kwenda kumwona. Akanijibu, "Mwanangu, kosa ulilifanya mwenyewe. Nenda mwenyewe."

Nilimkuta mwenzangu uani akibangua karanga. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za watoto. Nikamwambia, "Dada, siku ile nilikukosea. Nimekuja kukuomba msamaha." Aliendelea kubangua kwa muda. Kisha akasema, "Methali ile naijua tangu utotoni. Haikuniumiza. Kilichoniumiza ni kicheko. Nilisema moyoni, hawa wakicheka namna hii, nikiwaeleza wataniamini?"

Alinisamehe. Hata hivyo kwa muda mrefu alikaa pembeni ya mkeka, karibu na njia, kama mtu aliye tayari kuondoka. Mguu wa mumewe umepona lakini goti halikunji, na anatembea kwa fimbo. Kama zile siku tisa zingebadili kitu, daktari hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa iliyofuata niliwaeleza wanachama wote, nikaomba kumbukumbu za siku ile zirekebishwe. Mahali nilipoandika kwamba hakukuwa na mengineyo, sasa pameandikwa: "Yalikuwepo, hatukuyasikia." Kikundi chake cha watu watano kililipa marejesho yake mawili, na mfuko wa jamii ukatoa sehemu yake, ingawa ilichelewa. Cherehani ile hakuipata tena, kwa kuwa aliyeinunua alikataa kuirudisha. Mwaka uliofuata alikopa akanunua nyingine.

Mambo tuliyojifunza

Sisi wanawake tunajua vizuri kwamba neno laweza kuwa mshale. Nani kati yetu hajawahi kuona kanga ikinunuliwa si kwa ajili ya rangi yake bali kwa ajili ya jirani? Fumbo humpiga mtu bila kumpa nafasi ya kujibu, kwa sababu akijibu amekubali kwamba ndiye. Hiyo ndiyo hatari ya neno la kikao. Anayelitoa amesimama, wengine wameketi, na hakuna anayetarajiwa kulijibu.

Kwa hiyo tulibadili utaratibu, na nimeona ni vizuri niwashirikishe.

Kwanza, tunasikiliza kabla ya kusema. Zamani neno lilitangulia, na shida za watu zilingoja mwisho, wakati kila mtu anawaza chakula cha jioni. Sasa baada ya maombi na kuitana namba tunauliza habari za wanachama: nani anauguza, nani amefiwa, nani mambo yamemkwamia. Ndipo neno hutolewa. Wakumbukeni rafiki zake Ayubu. Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema kitu, na hilo lilikuwa tendo lao bora kuliko yote. Shida ilianza walipofungua midomo.

Pili, neno lifuatwe na tendo. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anauliza kuna faida gani kumtakia heri mtu asiye na nguo wala chakula, kisha usimpe kitu. Ukifungulia kikao kwa neno la umoja, hesabu zisomwe waziwazi siku hiyohiyo. Ukihimiza wafanyakazi wako kuwahi, nawe uwahi, na mishahara yao iwahi pia.

Tatu, usimsingizie mtu maneno, na hasa usimsingizie Mungu. Hapa nami nina aibu yangu nyingine. Siku moja nilisimama nikasema, "Biblia inatuambia, jisaidie nami nitakusaidia." Mama mmoja mzee aliyevaa miwani akaniuliza, "Mwanangu, ni sura gani hiyo nikaisome?" Niliahidi kumletea jibu Ijumaa inayofuata. Nilitafuta juma zima, nikamwendea mchungaji, akacheka. Maneno hayo hayamo katika Biblia. Ni usemi wa zamani ambao Mmarekani Benjamin Franklin aliuchapa katika almanaka yake mwaka 1736, na chanzo chake ni cha kale zaidi. Wala si usemi mbaya, lakini nilikuwa nimeupa mamlaka usiyokuwa nayo, na maskini angeweza kuondoka akidhani Mungu amemwekea sharti. Siku hizi simu zetu hutuletea kila asubuhi maneno yenye picha ya Mwalimu Nyerere au ya Nelson Mandela. Kama hujui ni nani aliyeyasema, sema tu, "Nimelisikia neno hili, nikalipenda." Hakuna atakayekudharau.

Nne, neno lisiwe la mtu mmoja. Sasa kila mwanachama ana zamu yake. Mpanda ni mji wa watu mbalimbali. Katika mkeka wetu kuna Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wafipa, Wasukuma na Waha. Wapo pia akina mama waliokulia Katumba na Mishamo, makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Kila mmoja ana hazina ya kwao. Mwingine hulisema neno kwa lugha ya mama yake, kisha hututafsiria, nasi tunajifunza kwamba hata yule asiyekijua sana Kiswahili ana la kutufundisha. Tena anayejua kwamba kesho ni zamu yake hawi mwepesi wa kumcheka mwenzake leo.

Hata pale ghalani nimejaribu kidogo. Siwezi kumpangia bosi mikutano yake, lakini orodha ya malipo ya wapakizi naiandika mimi. Naiwasilisha mezani kwake Jumamosi badala ya Jumatatu, ili siku ya kuhimizwa iwakute watu wamelipwa. Si kila juma tunafanikiwa.

Zamu yake

Zamu ya yule mwenzetu mshonaji ilifika mwaka uliofuata, baada ya mvua za mwanzo. Sote tulinyamaza. Wengine tuliogopa atatulipa kwa fumbo, nami nilikuwa wa kwanza kuogopa. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Hakuna aliyecheka. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaongeza kwa sauti ileile, "Ndiyo maana tunaulizana." Akaketi, safari hii katikati ya mkeka.

Daftari langu bado ninalo, na bado naliandika. Lakini Ijumaa asubuhi, kabla sijalifungua, hujiuliza kwanza: je, leo ni nani anayekuja na jambo mdomoni, na neno hili litamfungua au litamfunga? Kama silijui jibu, natafuta neno jingine, au natoka mapema nipitie nyumba mbili tatu kuwajulia hali.

Nawe mama mwenzangu, juma hili ukiombwa kutoa neno, usikatae. Litoe. Ila kabla ya kusimama, watazame walioketi mbele yako. Huenda yumo mmoja ambaye mkono wake umeinuka nusu.